Kufuli la Stoo: Anza na Mlango

Asubuhi niliyokuta stoo yangu ya vitenge imevunjwa, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa kufuli. Lilikuwa bado limefungwa, zima, halina hata mkwaruzo, linaning'inia kwenye komeo lililong'olewa mlangoni pamoja na skrubu zake nne. Fundi niliyemwita aliliokota, akaligeuza mkononi, akasema: "Dada, kufuli lako halina kosa. Mlango ndio haukuwa na kitu." Mwizi alikuwa amehitaji bisibisi tu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kufuli gani kwa stoo ya kupanga, chumba cha nyuma ya duka au kontena la bidhaa, namrudisha kwanza akautazame mlango. Simama nje, funga komeo, kisha jiulize ni vichwa vingapi vya skrubu unaweza kuvifikia. Kama kipo hata kimoja, kufuli la bei yoyote halitakusaidia. Kwenye mlango wa mbao, komeo lishikwe na bolti zinazopita ubao mzima, nati zikazwe kwa ndani, na vichwa vya nje viwe vya mviringo visivyo na mfereji wa bisibisi. Kwenye mlango wa chuma, lichomelewe. Bawaba nazo zitazame: pini zake zikiwa nje na zinachomoka, mlango utafunguliwa upande huo na kufuli litabaki mahali pake. Fundi wa kuchomelea huziziba pini hizo kwa dakika chache. Mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla, maana wengine hukataa mlango wao usiguswe.

Sasa pima tundu la pete inayopokea kufuli. Njia rahisi ni vipande vya nondo, ambavyo havikosekani palipo na ujenzi. Cha mm 10 kikipita na cha mm 12 kikigoma, umeshajua kikomo chako, na hutarudi dukani kubadilisha. Kwa stoo yenye mali, mimi sikubali mkono wa kufuli ulio chini ya mm 10. Ule wa mm 5 au 6 unafaa sanduku la nguo. Mkasi wa kukatia nondo unaumaliza kwa mbano mmoja. Usidanganywe na namba ya 40, 50 au 60 iliyopigwa kwenye mwili wa kufuli. Mara nyingi hiyo ni upana wa mwili kwa milimita, na haikuambii lolote kuhusu ugumu wa mkono.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji ni nafasi. Kufuli likishafungwa, mkono unaobaki wazi ndimo mkasi unamoingia, na ndimo mtaimbo unamopata pa kuegemea. Kadiri nafasi hiyo inavyopungua, ndivyo kazi ya mwizi inavyokuwa ngumu. Mkono mrefu uachie geti la mnyororo. Huko Marekani, ambako vyumba vya kuhifadhia mizigo hukodishwa kwa mwezi na mpangaji huja na kufuli lake, wengi hutumia kufuli la duara, lenye mwili unaouzunguka mkono karibu wote hata ukabaki wazi upenyo mdogo tu. Kwetu mafundi wana jibu lao, na nadhani si baya hata kidogo: kijisanduku cha bati nene kinachochomelewa kulizunguka kufuli, wazi kwa chini tu, mkono wako upite na ufunguo. Kufuli la kawaida lililo ndani ya kijisanduku kama hicho nalipendelea kuliko la ghali linaloning'inia wazi.

Ukifika dukani, nenda na sumaku ndogo. Iguse sehemu ya chini ya mwili, mbali na mkono. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo ikinasa kwa nguvu ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kisha fungua kufuli, utazame miguu miwili ya mkono. Pengo likiwa kwenye mguu mmoja tu, ndani kuna ulimi mmoja unaoushika. Mapengo yakiwa pande zote mbili, mkono unashikwa kushoto na kulia. Mapengo ya mviringo ni dalili kwamba unashikwa na gololi, na hizo hazisukumwi kirahisi kwa kipande chembamba cha bati kama ulimi wa springi. Makufuli yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya, EN 12320, hupewa daraja kuanzia 1 hadi 6, na la 6 ndilo gumu kuliko yote. Chukua pia kufuli la pili la aina ileile, ujaribu ufunguo wa hili kwenye lile. Kwa makufuli ya bei ya chini, usishangae likifunguka.

Kufuli la mpangaji aliyehama, au lile unalopewa na mwenye nyumba, usilitumie hata kama ni zuri. Hujui funguo zake ngapi zipo mikononi mwa watu.

Kwa sisi wa Tanga, Mombasa, Unguja na pwani yote, chumvi ya hewani hula chuma upesi. Mwili wa shaba hustahimili, ila mkono wake bado ni chuma, kwa hiyo ufute mara kwa mara. Tundu la ufunguo usilitie mafuta ya kupikia. Hugandamana na vumbi hadi ufunguo ukwame. Sugua risasi ya penseli kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Ufunguo wa akiba uweke nyumbani, usiutundike kwenye kishikizo kimoja na ule unaotembea nao.

Na kama kijana wa ulinzi analala ndani ya stoo, nakusihi usimfungie kwa nje. Vitenge, magodoro na maboksi vikishika moto, moshi humaliza chumba kabla mwenye ufunguo hajafika. Mlango wake uwe na komeo la ndani analoweza kulifungua gizani, bila ufunguo, kwa mkono mmoja.