Mbona Mungu hakukizuia kimbunga?

*Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilituezulia paa na kutuvunjia mashua. Kama Mungu ni muweza na anatupenda, mbona hakukizuia? Msomaji, Kilindoni, Mafia*

Pole sana. Unahofu kwamba msiba ni dalili ya kutopendwa. Sivyo. Kimbunga hupata nguvu kwa joto la bahari, hakichagui mwema wala mwovu. Utauliza: basi uweza wake uko wapi? Uweza wenye rehema haupimwi kwa kuzuia kila upepo. Humshika aliyeanguka, mara nyingi kwa mikono ya jirani. Na msiba si ishara ya kukataliwa: hata Nabii Ayubu aliteseka bila kosa. Yakubu alimlilia mwanawe Yusufu hadi macho yakapofuka, naye akabaki nabii. Kwa hiyo lia, uliza, pokea msaada, na sikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutweka. Usingizi ukipotea wiki kadhaa, au ukitamani kufa, nenda hospitali ya wilaya mara moja.