Pumzi, Kiini na Mkeka: Mazoezi ya Pilates na Mkaazi wa Kisauni

Utangulizi

Kiswahili hakiutengi mwili na nafsi. Aliyekata tamaa huambiwa kuwa amevunjika moyo, aliyejipa ujasiri amepiga moyo konde, na aliyeondokewa na hofu ameshusha pumzi. Kitenzi pumzika chenyewe kina uhusiano na nomino pumzi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoezi ya Pilates, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa anasa ya wenye nafasi, yana misingi inayoelezeka kwa Kiswahili, na kwamba mkaazi wa Kisauni anaweza kunufaika nayo akifunzwa kwa lugha aijuayo.

Asili ya mazoezi

Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka wa 1883. Inasimuliwa kwamba utotoni alisumbuliwa na pumu na matege, na hali hiyo ikamsukuma kutafuta njia za kuuimarisha mwili wake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 alikuwa Uingereza. Kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui, alizuiliwa, na hatimaye akapelekwa katika kambi ya Knockaloe, Kisiwa cha Man. Wakati wa kuzuiliwa kwake aliyaendeleza mazoezi yake. Mwaka wa 1926 alihamia New York, ambako wachezaji dansi wengi walimwendea. Mwaka wa 1945 alitoa kitabu kilichoeleza mazoezi 34 ya kufanywa sakafuni. Alifariki mwaka wa 1967.

Historia hii inabatilisha dhana ya anasa. Mazoezi yaliyokuzwa na mtu aliyenyimwa uhuru wake hayawezi kuhitaji jumba la fahari. Mkeka unatosha.

Suala la jina

Mwenyewe aliyaita mazoezi yake Contrology, yaani elimu ya kujidhibiti. Jina la Pilates ndilo lililoenea, na mwaka wa 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, wala si alama ya biashara ya mtu mmoja. Hivyo basi nomino ya pekee iligeuka kuwa nomino ya kawaida. Kwa Kiswahili, kulipa jina hilo umbo la Pilato kungezua mkanganyiko na yule liwali wa Kirumi atajwaye katika Biblia. Yafaa libaki lilivyo, huku istilahi zinazoandamana nalo zikitafutiwa visawe.

Misingi sita

Wafuasi wa Pilates huitaja misingi sita, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa pumzi, umakini, kiini, udhibiti, usahihi na mtiririko. Kiini ni eneo la kati la mwili: misuli ya tumbo, ya mgongo wa chini na ya sakafu ya nyonga. Msuli wa ndani kabisa wa tumbo hukizunguka kiwiliwili mithili ya mshipi. Juu yake kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Istilahi hii inatokana na kitenzi wamba, kile kile kitumiwacho kwa ngozi inayovutwa juu ya mzinga wa ngoma. Mwanafunzi akiujua mnasaba huo, hahitaji mchoro ili aelewe kinachotukia anapovuta pumzi.

Mathalani, katika zoezi liitwalo Mia, mtu hulala chali, huinua kichwa na mabega, huinua miguu, kisha hupigapiga mikono juu na chini kando ya mwili. Huvuta pumzi kwa mapigo 5 na kuitoa kwa mapigo 5, mara 10, hadi afikie mapigo 100. Anayeanza hukunja magoti, na shingo ikichoka hukilaza kichwa. Hesabu huielekeza akili kwenye pumzi, nayo pumzi huuongoza mwili. Hapo ndipo akili na mwili huwa kitu kimoja.

Umuhimu wake Kisauni

Katika soko la Kongowea hamali hubeba magunia kwa mgongo, na wavuta mikokoteni huinama kutwa. Nyumbani, anayekuna nazi juu ya mbuzi hupinda kiuno vivyo hivyo. Watu hawa hawakosi kazi ya mwili. Wanachokosa ni mwendo unaoisawazisha misuli iliyoelemewa upande mmoja. Fauka ya hayo, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka wa 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, zinakumbusha kwamba mwili wenye upungufu nao una haki ya kuimarishwa. Mengi ya mazoezi haya yaweza kurekebishwa yafanywe kitini.

Wapo wanaohofia kwamba mazoezi ya akili na mwili huficha ibada ya kigeni. Hofu hiyo inastahili jibu, si kejeli. Yoga ina mizizi katika mapokeo ya kidini ya Bara Hindi. Pilates haina dua, kafara wala sanamu. Mwanamke anayechunga sitara anaweza kuifanya chumbani mwake.

Mipaka yake

Ikumbukwe kwamba Pilates si dawa ya kila maradhi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2015 yalichunguza tafiti 10 zenye washiriki 510 wenye maumivu ya mgongo wa chini. Yalionyesha kwamba Pilates inaweza kufaa kuliko matibabu haba, lakini hayakupata ushahidi thabiti kuwa inayapita mazoezi mengine. Mjamzito, aliyepasuliwa karibuni, au mwenye ganzi miguuni hana budi kumwona daktari kwanza.

Hitimisho

Imebainika kwamba kizuizi kikubwa si fedha bali lugha. Hamali akiambiwa akaze kiini chake pasipo maelezo, atatikisa kichwa. Akiambiwa avute pumzi, ajifunge mshipi wa ndani, kisha ashushe pumzi taratibu, atafanya. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kushirikiana na wenzao wa taaluma za afya ili maelekezo ya namna hii yaandikwe, yajaribiwe na yafike Kongowea, Bombolulu na Mlaleo. Istilahi isiyomfikia mwenye maumivu haijatimiza kazi yake.