Fungate Ikiingia Mchanga

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Huku Pwani maharusi walikaa ndani siku saba, chakula kikiletwa mlangoni, somo wa bibi harusi akipita kuuliza hali, na mwenye hamu ya kuwaona akingoja nje. Hakuna aliyepotelewa na begi wala aliyeachwa na boti. Siku hizi fungate ina tiketi, ina hoteli ya kulipia kabla, na ina kundi la WhatsApp linalodai picha tangu saa mbili asubuhi. Nafasi za kuharibika zimeongezeka.

Maharusi wengi wa Dar es Salaam, na wengine wa Nairobi na Mombasa, wakijaliwa uwezo huelekea Unguja. Nimewaandikia hao. Anayekwenda Lamu au Lushoto achukue yanayomfaa.

1. Laleni kwanza

Harusi zetu huisha usiku mkubwa. Bibi harusi miguu imevimba, bwana harusi hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, na bado yupo mjomba anayetaka picha ya mwisho. Kupanda boti ya saa moja asubuhi kesho yake ni kujitafutia balaa. Mengi yanayoitwa mikosi ya fungate ni usingizi tu: kitambulisho kimesahaulika juu ya friji, simu imebaki kwenye teksi, na ugomvi wa kwanza wa ndoa umezuka kwa sababu ya chaja. Chukueni chumba hapo hapo mjini, mahali ambapo shangazi hana ufunguo, mlale mpaka mchoke kulala. Safari ianze kesho kutwa.

2. Jina la tiketi liwe la kitambulisho

Hili huwapata wake. Ukumbi mzima umeshamwita Mama Fulani, basi bwana harusi kwa mahaba anamkatia tiketi ya ndege kwa jina la ukoo wake. Uwanjani ofisa anatazama pasi, anatazama tiketi, anaona watu wawili. Mahaba hayo hulipiwa. Kubadilisha jina kwenye kitambulisho au pasi kuna hatua zake, na hazimaliziki ndani ya wiki ya harusi. Safirini na majina ya zamani, ndoa haitapungua kitu.

Bebeni pia nakala ya cheti cha ndoa, hata picha yake kwenye simu. Zipo nyumba za wageni ambako mapokezi watataka kujua kama wawili wanaoomba chumba kimoja ni mke na mume, na cheti hukata maneno. Wanaotoka Kenya au Uganda waongeze kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

3. Boti na tumbo

Kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili kwa boti ziendazo kasi. Bahari ikitulia, ni muda wa kusinzia kidogo tu. Kusi ikivuma, hasa kati ya Juni na Septemba, saa hizo mbili zinakuwa ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi. Ukiona wahudumu wanapita na mifuko, jua hawagawi zawadi.

Kaeni katikati ya chombo au nyuma, na ghorofa ya chini, kwa sababu mbele ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Kuleni kitu chepesi kabla ya kuondoka. Tumbo tupu halisaidii, na supu yenye mafuta inadhuru zaidi. Tangawizi ya kutafuna huwafaa wengi. Dawa ya kichefuchefu cha safari imezwe mapema, kama saa moja kabla, maana ukiimeza wakati umeshaanza kutapika itatoka na chai. Tazameni mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, simu zikae mfukoni. Na kama mmoja wenu anajijua kwamba bahari haimkubali, ndege ndogo hufika kwa kama dakika 20. Sijui matumizi bora zaidi ya salio la michango ya harusi.

Wewe ambaye hutapiki una kazi moja: kushika mfuko. Kupiga video si kazi yako.

4. Ulizeni maji kabla ya kuuliza menyu

Hapa ndipo maharusi wa bara hushangaa kuliko popote. Mmelipia chumba kinachotazama bahari, Paje au Jambiani au Matemwe. Asubuhi mnavuta pazia, bahari haipo. Kuna mchanga, kuna kina mama wameinama kwenye mashamba ya mwani, na maji yenyewe ni mstari mweupe kule mwambani. Bwana harusi ananyanyua simu ya mapokezi kudai hela yake.

Hajadhulumiwa. Ufukwe wa mashariki ya Unguja ni tambarare, kwa hiyo maji yakitoka hutoka mbali, pengine kilomita moja na zaidi. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50, ndiyo maana ratiba mliyopewa na rafiki aliyekwenda wiki iliyopita haina maana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti hupungua. Mvuvi yeyote atakueleza bila kufungua simu. Mkitaka kuogelea karibu saa yoyote, chagueni Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayaendi mbali. Mkichagua mashariki, ipendeni bahari inayoondoka. Asubuhi ya maji kupwa ina uzuri wake, na haina kelele za pikipiki za majini.

Mkasa wenyewe huja maji yanaporudi. Mgahawa wa The Rock, Pingwe, umejengwa juu ya jiwe ndani ya bahari: mnaweza kwenda chakula cha mchana kwa miguu mkarudi kwa mashua, bibi harusi ameshika gauni mkono mmoja na viatu mkono wa pili. Hilo la kuchekesha. Lisilochekesha ni wawili waliojiendea wenyewe mpaka mwambani, wakazama kwenye picha, wakati wa kurudi wakakuta vijito walivyovuka kwa kifundo vimefika kiunoni. Nendeni na mwenyeji, na akisema turudi, rudini. Fungu la mchanga la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe, nalo ni hivyo hivyo, maji yakijaa linafunikwa. Nahodha anayewahimiza mmalize samaki hana ukorofi wowote.

5. Pete ibaki chumbani

Pete mpya mara nyingi haijazoea kidole. Kidole nacho hunywea majini, na kimepakwa mafuta. Kabla ya kuingia baharini vueni zote mbili, mzifungie kwenye sefu ya chumba. Msiziweke kwenye kiatu, wala mfuko wa kaptura.

Ikidondoka, wekeni alama mahali penyewe, ulizeni maji yanapwa saa ngapi, kisha waambieni vijana wa ufukweni na mtaje zawadi. Wao wanaujua mchanga wao. Isipoonekana, nunueni nyingine ya bei nafuu na msimweleze bibi mzaa mama. Atasema ni ishara. Ni mafuta ya nazi.

6. Mwili nao una yake

Kwenye miamba kuna wale nungunungu weusi wa baharini, na miiba yao hukatikia ndani ya nyayo. Ingieni majini na viatu vya plastiki. Ukichomwa, usichimbe kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, toa kwa kibano miiba inayojitokeza, osha vizuri. Wenyeji watakuja na utomvu wa papai na wataapa kwamba hakuna dawa kama huo. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, au mguu ukizidi kuvimba, nendeni hospitali.

Tumbo likiendesha, pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji salama. Isipopatikana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa, kwa kiasi hicho hicho cha maji. Kukiwa na damu au homa, msijitibu chumbani. Homa yoyote ipimwe malaria, hata kama mnadhani ni jua.

Jihadharini na wachoraji wa ufukweni wenye rangi nyeusi tititi inayokauka upesi. Hina yenyewe hutoa wekundu wa kahawia na inataka kukaa saa kadhaa. Hiyo nyeusi mara nyingi imetiwa PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo kwa baadhi ya watu huunguza ngozi ikatoa malengelenge na kuacha makovu.

Lililobaki halisemwi sana kwenye kicheni pati, ingawa pale husemwa mengi mno. Wake wengi hupata UTI siku za mwanzo za ndoa. Mkojo unachoma, na kila baada ya dakika chache ni chooni. Tendo la ndoa husukuma bakteria walioko kwenye ngozi na njia ya haja kubwa kuelekea njia ya mkojo, basi. UTI si ushahidi kwamba mume ana siri wala mke ana historia. Kunywa maji ya kutosha, kojoa baada ya tendo, na umwone daktari akupime akupe dawa inayofaa, badala ya kununua vidonge dirishani kwa kubahatisha. Ukipata homa au maumivu ya ubavuni, usingoje kesho. Nimelikalia hili kwa sababu shuku iliyoingia wiki ya kwanza huwa ngumu kuitoa, na hii ni shuku ya bure kabisa.

7. Begi likikawia

Msitoke uwanjani kabla ya kuripoti na kupewa namba ya ripoti. Kwa safari za kimataifa upo Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania na Kenya zimo. Begi lililoharibika, lalamikeni kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu mlipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21. Lisipofika kabisa hadi siku 21 zipite, mna haki ya kudai kama lililopotea. Tunzeni risiti za vitu mlivyolazimika kununua.

Kinga ni rahisi: nusu ya nguo za mke ziingie begi la mume, na za mume begi la mke. Yote mawili yakipotea, sokoni Darajani kuna kanga na vikoi, nanyi mko kwenye fungate. Hamhitaji nguo nyingi.

8. Vitanda viwili

Mmefungua mlango, mnakuta vitanda viwili vidogo na meza katikati. Semeni mapokezi kwa upole, mara moja, kabla ya kufungua mabegi. Mkitaja fungate wakati wa kuweka nafasi hili hutokea kwa nadra, na pengine mtakuta maua.

9. Kalenda

Masika ni Machi hadi Mei, na hoteli kadhaa hufunga kipindi hicho. Bei zinazobaki ni nzuri kwa wanaopenda kusikiliza mvua. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Msilalamike. Jioni mtakula kuliko kawaida.

10. Simu ya mweka hazina

Siku ya pili mwenye ukumbi anapiga: kuna salio. Siku ya tatu mpishi. Siku ya nne mpiga picha anauliza albamu iwe na kurasa ngapi, lakini kwanza malipo. Bwana harusi anatoka kwenye baraza kuongea kwa sauti ya chini, mke ndani anaanza kujiuliza maswali. Hapo ndipo fungate nyingi huchafuka, mbali kabisa na boti na mawimbi.

Kabla ya kuondoka andikeni madeni yote kwenye karatasi moja, mkiwa wawili, mumkabidhi mweka hazina wa kamati ya harusi pamoja na namba za wadai. Yeye ndiye apigiwe. Na mke ajue kila kiasi, hata kile cha aibu. Yakitokea ya kugharimu huko, kama kukosa boti au hospitali, mtakuwa mnahesabu fedha mnazozijua wote. Kutafuta nani kasababisha kuachwe mpaka mmeshapata boti nyingine. Wengi wakishaipata, hawakumbuki tena kuulizana.

Wazazi wapigiwe mara moja kwa siku, saa moja inayojulikana. Mama asipojua saa yenu atajipangia yake.

11. Ikishindikana, rudini

Mmoja ana homa, mvua haikatiki, hoteli inavuja. Hakuna sheria inayowalazimu kumaliza siku mlizolipia. Ulizeni kama hoteli itawahamishia siku zilizobaki hadi tarehe nyingine, nyingi hukubali hilo kuliko kurudisha fedha, na mpate ahadi hiyo kwa maandishi. Kisha nendeni nyumbani kwenu mfunge mlango. Mama mkwe akisikia mmerudi mapema na kuuliza kulikoni, mwambieni boti za kesho zote zilikuwa zimejaa.