Kukhu Anaposahau: Kijitabu cha Familia za Bungoma na Trans Nzoia Kuhusu Kumtunza na Kumgharimia Mgonjwa wa Dimenshia

Kukhu, nyanya yetu, ameuliza mara ya tano asubuhi hii kama ng'ombe wamekamuliwa. Wiki jana alitoka kwenda kanisani kwa njia aliyoizoea tangu aolewe, akapatikana jioni kando ya barabara kuu ya Webuye, hajui aende upande gani. Sasa anamshuku mke wa mwanawe kwamba amemwibia leso, na leso iko chini ya mto wake mwenyewe.

Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mmoja anasema ni uzee, mwingine amerogwa, na wa tatu anasema anatafuta tu kuangaliwa. Kijitabu hiki kimeandikwa ili mkae pamoja, mjue ni nini hasa, mahali pa kwenda, na namna ya kugawana gharama bila kumwachia mtu mmoja.

1. Huu ni ugonjwa gani?

Dimenshia ni jina la hali zinazotokana na kuharibika kwa ubongo. Mtu hupoteza kumbukumbu, maneno, uwezo wa kupanga mambo, na mwishowe uwezo wa kujihudumia. Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye presha au waliopata kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Si laana na haiambukizi. Mzee yeyote anaweza kusahau alipoweka miwani, kisha akaikumbuka. Mwenye dimenshia anaweza kuishika miwani mkononi asijue ni ya nini.

Kuwaambia majirani ukweli huu ni ulinzi. Mnamo Oktoba 2021, kule Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakidaiwa kuwa wachawi. Mzee anayetangatanga usiku au kuongea peke yake anaweza kuingia hatarini kwa sababu tu hakuna aliyeeleza kwamba anaumwa. Mwambieni mzee wa mtaa, mchungaji au imamu, na waendesha boda boda wa stejini: "Mama yetu ana ugonjwa wa kusahau. Mkimwona peke yake, tupigieni."

2. Kwanza apimwe

Msikubali neno "ni uzee tu" kabla ya vipimo. Yapo magonjwa yanayofanana na dimenshia lakini yanatibika: upungufu wa damu au wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, kaswende, sonona, pombe, na hata dawa anazokunywa kwa ajili ya magonjwa mengine. Masikio au macho yaliyofifia pia humfanya mtu aonekane amechanganyikiwa.

*Hatari:* Akichanganyikiwa kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kiharusi.

Anzeni kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, anayeweza kupima presha na sukari nyumbani. Kisha nendeni zahanati au kituo cha afya, mpate rufaa ya hospitali kubwa. Huku kwetu kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma na ile ya Webuye, na Kitale kuna Hospitali ya Wamalwa Kijana. Ulizeni kliniki ya afya ya akili, kwa kuwa huko ndiko wagonjwa wengi wa kusahau huhudumiwa. Kesi ngumu hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Aende na mtu anayeishi naye. Mtu huyo awe ameandika kwenye daftari dalili zilianza lini, nini kimebadilika, na dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba.

Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Donepezili na memantini huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Muulizeni daktari kama zinamfaa mgonjwa wenu, kisha ulizeni bei kabla ya kuanza. Dawa nzito za kumtuliza zina hatari kwa mzee mwenye dimenshia, ikiwemo kiharusi, kwa hiyo asipewe bila daktari. Na anayewauzia chupa ya kurudisha kumbukumbu sokoni anachukua pesa za sabuni na chakula cha mgonjwa.

3. Matunzo yako wapi?

Nyumba za kulelea wazee ni chache nchini Kenya, na nyingi ziko Nairobi na viunga vyake. Baadhi huendeshwa na watawa wa Kikatoliki, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, ambayo hupokea wazee maskini. Za kibinafsi hutoza ada kila mwezi. Mkifikiria njia hiyo, tembeleeni bila kutangulia kupiga simu, tena saa ya chakula. Tazameni kama wazee ni wasafi na wanaitwa kwa majina. Ulizeni usiku hubaki wahudumu wangapi, mgonjwa akizidiwa hupelekwa wapi, na ada inajumuisha nini. Mpate maandishi.

Lakini kwa familia nyingi za Kimilili, Chwele, Sirisia, Kiminini au Matisi, mahali pa matunzo ni boma lenyewe. Na kwenye boma kuna mtu mmoja ambaye kazi yote imemwangukia: binti aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, mke wa mwana wa mwisho, au mjukuu aliyeacha shule. Yeye ndiye muuguzi na mlinzi wa usiku. Kwa kuwa hatoi risiti, tunadhani kazi yake ni ya bure. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo kubwa tunalowaomba katika kijitabu hiki ni hili: hesabuni kazi ya mtunzaji kama gharama ya kwanza ya ugonjwa, na mlipeni.

4. Kikao cha familia

Itisheni kikao mapema, watoto wote wawepo, walio Nairobi au ughaibuni kwa simu. Mgonjwa mwenyewe akiwa bado anaelewa, asikilizwe: angependa kuishi wapi, nani amwogeshe, nani amshikie pesa zake. Kisha mwandike bajeti ya mwezi:

- posho ya mtunzaji, na ya mtu wa kumpokea siku zake za mapumziko;
- chakula, sabuni, mafuta ya kujipaka, daipa za watu wazima au vitambaa vya kufua;
- dawa za dimenshia, na za presha au sukari kama anazo;
- nauli ya kliniki, ya mgonjwa na anayemsindikiza;
- mchango wa bima ya afya ya SHA (tazameni sehemu ya 5);
- akiba ya dharura.

Mfano wa hesabu: watoto sita wakitoa Sh1,500 kila mmoja kwa mwezi, ni Sh9,000. Ambaye hana pesa anaweza kuleta debe la mahindi, maziwa, au wikendi mbili za kukaa na mama. Kila mchango uandikwe. Mteueni mweka hazina mmoja, na pesa zipitie chama cha familia au laini moja ya M-Pesa ambayo wote wanaona taarifa yake.

Harambee hufaa kwa bili moja kubwa ya hospitali. Ugonjwa huu unaweza kuchukua miaka, na wachangaji huchoka. Mchango mdogo usiokatika ndio unaofaa. Sisi ni hodari wa kuchangia mazishi: tenti, gari, ng'ombe wa kuchinjwa. Tutoe na sasa, kukhu angali anaweza kuonja chai.

5. Msaada wa kudai

*Bima ya SHA.* Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili ni kwa kupiga *147#, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya. Wengi hukosea hapa: SHA huhesabu kaya kuwa mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Mzazi wako haingii kwenye kaya yako hata kama anakutegemea kwa kila kitu. Husajiliwa na kulipiwa kama kaya yake mwenyewe. Kwa asiye na mshahara, mchango hukadiriwa kwa kujibu maswali kuhusu hali ya kaya. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka, yaani Sh3,600. Mlipieni kabla hajalazwa. Bima husaidia matibabu. Kumwogesha na kumlinda usiku hubaki kwenye bajeti yenu.

*Inua Jamii.* Mpango huu wa serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa Sh2,000 kwa mwezi. Mwoneni chifu au naibu wake mkiwa na kitambulisho cha mzee, mumwulize usajili unafunguliwa lini. Mzee asiyeweza kwenda mwenyewe anaweza kuandikiwa mlezi wa kumpokelea. Pesa hizo ni za mzee, si za kulipia madeni ya mwana.

*Ulemavu mkubwa.* Inua Jamii pia ina sehemu ya watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji uangalizi wa wakati wote. Mgonjwa ambaye hajafika miaka 70 anaweza kuombewa kupitia huko. Ulizeni pia kuhusu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kukaguliwa na madaktari hospitalini.

*Chama cha wagonjwa.* Alzheimer's and Dementia Organization Kenya huelimisha familia na kuwakutanisha watunzaji. Kuongea na aliyepitia njia hiyo hupunguza upweke.

Msione haya kuomba. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa serikali.

6. Shamba, hati na pesa zake

Mapema, mgonjwa akiwa na akili timamu, atafutiwe wakili amweleze kuhusu wosia. Wosia ulioandikwa baada ya akili kupotea unaweza kupingwa mahakamani. Hatimiliki, kitambulisho, kadi ya benki na vitabu vya SACCO viwekwe mahali salama panapojulikana na zaidi ya mtu mmoja.

Msimshikishe kalamu wala kumwekesha kidole gumba kwenye karatasi za kuuza shamba asizozielewa. Akishindwa kabisa kusimamia mali yake, Mahakama Kuu inaweza kumteua msimamizi. Na kabla ya kuuza robo ekari ili kulipia dawa, rudini kwenye bajeti: je, kila mtoto ametoa fungu lake?

7. Nyumba salama, siku tulivu

- Fungieni dawa za shamba, panga na viberiti. Asiachwe peke yake na jiko linalowaka.
- Shoneni namba ya simu ndani ya nguo yake. Wekeni kengele ndogo mlangoni.
- Akipotea, msingoje saa 24. Pigeni ripoti polisi mara moja, tafuteni kwanza penye mto, visima na barabara kuu, ombeni redio za huku zitangaze.
- Siku ziwe na mpangilio ule ule. Mpeni kazi anayoijua: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kuchuma mrenda. Hata akikosea, mshukuruni.
- Akisema mumewe aliyefariki anarudi leo, msibishane. Mwambieni, "Hebu tusimulie habari zake."
- Akikasirika ghafla, angalieni kama ana njaa, maumivu, amefunga choo au anataka kujisaidia.

8. Mtunzaji naye ni binadamu

Dalili za kuchoka ni kukosa usingizi, kulia, kumfokea mgonjwa na kutojali afya yako. Mtunzaji apate angalau siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, na mtu wa kumpokea awe anajulikana kwa jina, si "mtu atapatikana." Aliye mbali apige simu na aanze kwa kumuuliza yeye: "Wewe umelala?" Mtunzaji akihisi mkono unainuka kumpiga mgonjwa, atoke nje na kumwita jirani. Afadhali kuomba msaada mara kumi kuliko kumpiga mara moja.

9. Na ninyi mlio wazima

Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba takriban asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Mengi yako mikononi mwenu: pimeni presha na sukari, acheni sigara, punguzeni pombe, vaeni helmeti kwenye boda boda, tibuni masikio na macho, wasomesheni watoto, msimwache mzee akae peke yake.

Mwezi wa kwanza: wekeni alama

☐ Amepimwa, na majibu yako kwenye daftari.
☐ Amesajiliwa na kulipiwa SHA kama kaya yake.
☐ Chifu ameulizwa kuhusu Inua Jamii.
☐ Kikao kimefanyika, na fungu la kila mtoto limeandikwa.
☐ Posho ya kwanza ya mtunzaji imetumwa.
☐ Siku yake ya mapumziko imewekwa, na wa kumpokea anajulikana.
☐ Majirani wameelezwa.

Bandikeni ukurasa huu ukutani, karibu na kalenda. Mkikutana mwezi ujao, anzeni kusoma na alama ya tano.