Fahamu: Jinsi ya Kutoa Maoni Kuhusu Utafiti wa Afya

Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini, KEMRI, ni shirika la serikali lililoanzishwa mwaka wa 1979. Kama mashirika yote ya serikali, inatakiwa na Kifungu cha 232 cha Katiba kuwahusisha wananchi katika kutunga sera. Mpango mkakati wake ndio unaoonyesha ni magonjwa gani yatapewa kipaumbele katika utafiti.

Hata hivyo, maoni yanaweza kukosa nafasi yakiomba huduma badala ya utafiti. "Tunataka zahanati" ni ombi la haki, lakini hilo ni la idara ya afya ya kaunti. Utafiti huanza na swali: "Mbona watoto wetu wanaugua malaria ilhali wanalala ndani ya neti?"

Mkaazi aeleze ni ugonjwa gani, uko kijiji gani, unawapata akina nani na msimu gani. Ayaandike maoni yake, au aombe mwenzake amwandikie, kisha abaki na nakala.

Huku Kilifi, wakaazi pia huchagua wawakilishi wa jamii wanaokutana na watafiti wa KEMRI. Swali la kijiji linaweza kupitia kwao.

Kazi haiishii hapo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Mkaazi aulize: je, maoni yetu yameingia kwenye mpango? Kama hayakuingia, ni kwa nini?