JE, NYUKLIA NI HATARI KULIKO KUNI?

Katika mdahalo wa chama chetu mada ilikuwa: "Umeme wa nyuklia ni hatari kuliko umeme mwingine wote." Mimi niliunga mkono, tena kwa kelele. Nilitaja Chernobyl mara tatu, nikapigiwa makofi, tukashinda. Nilipoketi, dada mmoja wa upande wa upinzani akaniuliza polepole, "Na moshi wa kuni umeua wangapi?" Nikabaki kimya kama maji mtungini.

Basi nilikwenda kusoma. Kinu cha nyuklia ni kama sufuria kubwa tu. Atomi za urani hupasuliwa, joto hutoka, maji yanageuka mvuke, nao mvuke unazungusha mitambo ya stima. Ubaya ni mnururisho, yaani miale isiyoonekana ambayo huharibu mwili. Tarehe 26 Aprili 1986, kinu nambari 4 cha Chernobyl, Ukraine, kililipuka. Wafanyakazi wawili walikufa usiku ule, na watu wengine 28 wakafa kwa mnururisho miezi iliyofuata. Watoto waliokunywa maziwa yenye sumu hiyo walipata saratani ya tezi ya shingoni kwa maelfu. Hayo sikuyatia chumvi.

Lakini kwenye mdahalo sikutaja Banqiao. Agosti 1975 bwawa hilo la Uchina, ambalo lilizalisha umeme pia, lilipasuka kwa mvua ya kimbunga. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Mbona bwawa halituogopeshi?

Wataalamu hukadiria vifo kwa kila uniti bilioni moja za umeme, ajali na moshi vikijumlishwa. Makaa ya mawe: karibu 25. Maji: zaidi kidogo ya 1. Nyuklia, pamoja na Chernobyl na Fukushima (2011): chini ya sehemu moja ya kumi ya kifo. Upepo na jua ni karibu sawa na nyuklia. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kwanza!

Na kuni? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Utasema kuni si umeme. Kweli. Ila kwetu stima ipo, na nyanya bado anakohoa jikoni kila asubuhi, maana kupikia stima ni ghali. Kwa hiyo kinu chenye umeme wa bei ghali hakitamsaidia nyanya hata kikiwa salama namna gani.

Tena kuna taka. Plutoni huchukua miaka 24,000 kupungua nusu tu. Wafini wamechimba mahandaki zaidi ya mita 400 chini ya mwamba ili kuzifukia. Sisi tutazifukia wapi? Wenyeji wa Uyombo, Kilifi, walioandamana mwaka 2024 kupinga kinu kisijengwe kwao, hawakuwa wajinga jinsi wengine walivyosema. Bahari ndiyo shamba la mvuvi.

Isitoshe, Olkaria inatupa umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981, bila urani.

Mada ikirudi mwakani, nitatetea nyuklia mbele ya makaa ya mawe, lakini si mbele ya Olkaria. Yule dada nimempa makala haya ayakosoe kwanza. Amepata makosa mawili ya tahajia.