Soma pumzi yako kwenye muda wa mbio

Huhitaji maabara kujua pumzi yako imefika wapi. Unahitaji umbali uliopimwa sawasawa, saa, na mbio moja uliyoikimbia kwa nguvu zako zote. Ukiweza kupiga soga raundi ya mwisho, hukujipima, ulifanya mazoezi.

Kinachotafutwa ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia: mililita ngapi kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika. Njia nyepesi ni ya Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, aliyoitangaza mwaka 1968. Kimbia dakika 12, pata umbali kwa mita, toa 505, kisha gawanya kwa 45. Aliyezunguka uwanja wa mita 400 mara sita, yaani mita 2,400, anapata kama 42. Shika njia ya ndani kabisa, kwani ukitanua unakimbia mita ambazo hazimo kwenye hesabu.

Ukiwa na muda wa mashindano, usitazame kasi peke yake. Mwaka 1979 Jack Daniels na Jimmy Gilbert walitoa majedwali yanayozingatia kwamba mbio zikirefuka, mtu humudu sehemu ndogo zaidi ya uwezo wake. Kwa hesabu yao, kilomita 5 kwa dakika 25 ni kama 38. Kilomita 10 kwa dakika 50 ni 40. Kasi ni ileile, ila wa pili ameishikilia mara mbili ya umbali.

Mimi hutumia kilomita 5 au 10. Marathoni siiamini kwa kazi hii: wengi huishiwa akiba ya sukari kwenye misuli baada ya kilomita ya 30, na pumzi bado ipo.

Na usijilinganishe na jirani. Wawili wenye mapafu na moyo sawa hutofautiana kwa namna wanavyokanyaga. Mmoja hupoteza nguvu nyingi kila hatua, na hilo nalo limo ndani ya namba yako. Wala muda wa Iten, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, usiuweke kando ya ule wa Mombasa kwenye joto na unyevunyevu.

Rudia baada ya wiki 6 au 8, njia ileile, alfajiri ileile, miguu ikiwa imepumzika siku mbili. Andika daftarini muda, hali ya hewa na ulivyolala.